Mgongo wa Mwenyekiti

Katika soko lile la vifaa vya ujenzi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Aliitwa Mwenyekiti, na aliitika hata akiwa bafuni. Alianza na kamati ya shule, binti yake alipokuwa bado mdogo. Ikafuata kamati ya maji ya mtaa, kikundi cha kuzikana, na kamati za harusi ambazo hata bwana harusi mwenyewe hakumjua vizuri. Mwishowe akafika kileleni: chama cha wafanyabiashara wa soko. Hapo akakaa, na alipokaa hakuinuka.

Nikisema hakuinuka, sisemi kwa mafumbo. Dukani kwake, alikouza misumari, bawaba, rangi na mabomba, palikuwa na kiti cha ngozi nyeusi, kirefu mgongoni, cha kuzunguka. Juu ya kiti hicho aliendesha duka, chama, na sehemu kubwa ya maisha ya majirani. Mkewe ndiye aliyepanda ngazi kuteremsha makopo ya rangi, ndiye aliyekata mabomba kwa msumeno, ndiye aliyejua bawaba ipi inafaa mlango upi. Mteja akiuliza bei, Mwenyekiti aligeuza kiti nusu duara, akamtazama mkewe, na mkewe akataja bei. Kisha Mwenyekiti aligeuka tena na kumwambia mteja, "Umesikia."

Katika hotuba zake alipenda kusema kwamba wafanyabiashara ndio uti wa mgongo wa uchumi. Watu walipiga makofi, naye alingoja makofi yaishe ndipo aseme tena. Uti wa mgongo wake mwenyewe hakuwahi kuufikiria, mpaka siku aliyoinama kuokota kalamu.

Kalamu ilikuwa imeanguka chini ya meza, na siku hiyo mkewe alikuwa juu ya ngazi. Akaamua kuiokota mwenyewe. Alipofika katikati ya safari akasikia kitu kiunoni kama kamba inayokatika. Akabaki pale pale, hajainama wala hajasimama, mkono mmoja umeng'ang'ania meza, akitoa mlio ambao mkewe alisema baadaye kwamba aliudhani ni mlango wa duka la jirani.

Daktari wa kwanza alimwambia kwamba wiki chache zingetosha. Wiki zikawa miezi, miezi ikazaa mwaka, na mwaka ukajipatia wenzake. Alipigwa picha za mgongo, na picha hizo zilionyesha uchakavu wa kawaida wa mtu wa umri wake, lakini yeye alizipenda. Alizibandika kwenye kioo cha dirisha la duka ili mwanga upite vizuri, akawaonyesha wateja pingili moja baada ya nyingine. Wateja nao, kama ilivyo kawaida ya wateja, kila mmoja alikuwa na dawa yake. Huyu alimwambia alale sakafuni. Yule alimwambia sakafu ndiyo itakayomuua, anunue godoro gumu. Akanunua godoro, akanunua mkanda wa kiuno, akanunua bangili ya sumaku kutoka kwa mtu mwenye kipaza sauti, na kila alichonunua kilimsaidia mpaka alipofika nacho nyumbani.

Nisieleweke vibaya. Maumivu yalikuwa ya kweli. Kuna asubuhi alizokaa ukingoni mwa kitanda jasho likimtoka kwa sababu tu alitaka kusimama. Ila polepole maumivu yale nayo yalipata cheo. Yaliahirisha vikao. Yalichagua misiba ya kuhudhuria, na kwa namna ya ajabu yalimruhusu misiba ya watu wakubwa na kumkataza ya wadogo. Mkewe alimvisha soksi, akamfunga kamba za viatu, akambebea mkoba. Mtu akimpinga kikaoni, Mwenyekiti alifumba macho na kushika kiuno, na mpinzani aliketi chini kwa haya.

Mkewe ndiye aliyesikia habari za kliniki katika hospitali kubwa, kitengo cha migongo iliyokataa kupona. Alimweleza kwamba huko mgonjwa haonwi na mtu mmoja. Kuna timu nzima, wanakaa pamoja na kufanya kazi pamoja. Neno timu lilimpendeza. Aliuliza mwenyekiti wake ni nani.

Chumba walichoingia kilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa duara, kitanda chembamba, na mpira mkubwa wa buluu ambao Mwenyekiti aliutazama kwa mashaka. Walikuwapo wanne. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana mwenye mikono kama ya mtu anayekanda unga. Mfamasia alikuwa dada mdogo wa mwili asiyecheka ovyo. Na mwanasaikolojia alikuwa bwana mmoja mpole, aliyeongea kwa nadra kama aliyekatazwa.

Mwenyekiti alifungua kikao. Aliwashukuru wote kwa kuhudhuria licha ya majukumu yao, akasema ajenda ni moja tu, nayo ni maumivu yaishe, kisha akamkaribisha daktari atoe maoni yake. Daktari alimsubiri amalize.

"Mzee," alisema, "hatukuahidi kwamba yataisha. Tunachokuahidi ni kufanya kazi na wewe mpaka uishi vizuri, yawepo yasiwepo."

Mwenyekiti aliwatazama wengine aone kama kuna mjumbe mwenye maoni tofauti. Hakuwepo.

Mfamasia aliuomba mfuko wake wa dawa, akaumwaga mezani. Vidonge viwili vilikuwa dawa ile ile yenye majina mawili, na alikuwa akivimeza vyote. Vingine muda wake ulikuwa umepita. Chupa moja ilikuwa ya presha, na haikuwa presha yake. Ilikuwa ya jirani aliyekwisha hama. Mfamasia alivipanga mafungu matatu. Alitenga vya kubaki, vya kupunguza taratibu na vya kutupa, na fungu la kutupa ndilo lililonona.

Kijana wa viungo alimpapasa mgongo, akamgeuza huku na huku, kisha akamweleza kwamba mgongo haujavunjika popote. Umekakamaa kwa kukaa, na umejifunza woga. Mgongo unataka kutembezwa.

"Adui yako wa kwanza, mzee, ni kile kiti unachokaa kutwa."

Mwenyekiti akamuuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyemtuma.

Ilipofika zamu ya mwanasaikolojia, Mwenyekiti alimwahi, akamwambia kwamba mgongo wake hauna wazimu. Yule bwana alikubali kwamba hauna, akanyamaza. Kimya kikaendelea. Mwenyekiti alikuwa ameendesha vikao maisha yake yote na hakujua la kufanya na kimya isipokuwa kukijaza. Alikohoa, akasifu rangi ya kuta, kisha, bila kupanga, akaanza kumsimulia habari za baba yake. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa nguvu, wanaume wawili hawakumweza. Msimu mmoja wa mvua akalalamika mgongo, akaambiwa alale apumzike. Akalala, na hakuinuka tena. Mwenyekiti, wakati huo kijana, ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani.

"Ninapoinama," alisema, "namsikia yeye."

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, pochi mapajani. Walikuwa wameoana miaka mingi, wamezaa, wamezika, na hayo alikuwa hajawahi kuyasikia. Alimtazama mumewe kama mtu aliyefungua kabati la siku zote akakuta ndani yake kuna mlango.

Daktari akamgeukia, akamuuliza yeye je, anayaonaje maisha na mgongo huu. Mkewe alifikiri.

"Nimechoka kumfunga viatu," alisema. "Kuinama siyo shida. Shida ni kwamba nikiwa nimeinama pale chini, ananihutubia jinsi inavyouma."

Walirudi nyumbani na mpango. Kila asubuhi kulikuwa na mazoezi mepesi, yaliyochorwa kwenye karatasi kwa vijitu vya mistari. Mwenyekiti aliyapokea kama alivyopokea kazi zote za chama: aliyagawa. Mkewe alitandika mkeka akafanya mazoezi, naye akasimamia kutoka kitandani, akimhesabia na kumkosoa. Waliporudi kliniki, kijana wa viungo alimwomba Mwenyekiti ainame kadiri awezavyo. Hakufika hata magotini. Mkewe, bila kuombwa, akashika vidole vya miguu akabaki hapo, akauliza kama inatosha.

Baada ya aibu hiyo alianza kufanya mwenyewe, na wiki za mwanzo maumivu yakazidi. Hapo akatumia mbinu iliyomweka madarakani miaka yote. Alimwambia daktari, kwa siri, kwamba yule kijana anamchosha kupita kiasi. Akamwambia kijana kwamba daktari anataka apumzike. Akamnong'oneza mwanasaikolojia kwamba wale wawili hawapikiki chungu kimoja, na kwamba mfamasia ana tamaa ya cheo. Katika chama, maneno ya namna hiyo yangetosha kwa msimu mzima. Lakini mkutano uliofuata wote walikuwa na habari moja, kauli moja, na walimtazama kwa upole mmoja. Kumbe kila wiki walikaa pamoja wakaongea juu ya kila mgonjwa.

Jambo hilo lilimshangaza kuliko ugonjwa. Kamati alizijua za kila aina, lakini kamati inayokutana kweli na kukumbuka ilichokubaliana, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona.

Basi akatii. Akaweka kengele kwenye simu, na kila ilipolia aliinuka, akashika nyonga, akajinyoosha kwa nyuma kama alivyofundishwa, akatembea kidogo. Mwanzoni alijisikia mjinga. Baadaye akaanza kuona kwamba jioni anafika nyumbani bila kuuma meno.

Ukafika mkutano mkuu wa chama. Ukumbi ulijaa, mkewe akiwa miongoni mwa wajumbe, na Mwenyekiti alikuwa mezani mbele, Makamu wake upande wa kulia. Makamu huyo alikuwa mtu mwembamba, mwuza vigae, aliyekaa katika umakamu miaka mingi kama mtu anayengoja mvua na ndoo mkononi. Katibu alikuwa katikati ya kusoma taarifa ya mwaka simu ilipolia. Mwenyekiti akainuka. Akashika nyonga, akajinyoosha, uso ukiwa umekunjamana, kisha akatoka nje ya ukumbi bila kusema neno. Hakuona sababu ya kueleza. Mkubwa haelezi.

Alitembea kibarazani, akahema vizuri, akahisi kiuno kinalegea. Ilikuwa zamani sana tangu ajisikie mwepesi vile. Akaongeza mzunguko mmoja.

Ndani, watu walitazamana. Mmoja akasema amekasirishwa na taarifa. Mwingine akasema hapana, amesusa. Wa tatu, aliyekaa nyuma na kusikia nusu, akapeleka habari kwamba amejiuzulu, na neno hilo likatembea safu hata safu na kufika mbele likiwa limekomaa. Katiba ya chama ilikuwa wazi: kiti kikiwa wazi, makamu hukikalia. Makamu akakikalia. Akauliza kama wajumbe wanaridhia. Mikono ikanyooshwa.

Mwenyekiti alirudi akakuta wanapiga makofi, akainua mkono kuyapokea. Ndipo alipoona mtu kwenye kiti chake.

"Nilikuwa najinyoosha," alisema.

"Na chama kinakutakia kila la heri, mzee wetu," alijibu Makamu, na katibu akaandika shukrani kwa utumishi wake wa muda mrefu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Alikwenda nyumbani akapanda kitandani, na mgongo ukamrudia kwa hasira zote za zamani pamoja na mpya. Siku kadhaa hakutaka kuona mtu. Simu ililia kengele yake ya kuinuka, naye akaigeuza kifudifudi. Alimwambia mkewe kwamba timu ile ilikula njama na Makamu. Mkewe alimwambia basi akawaambie hivyo uso kwa uso, akamwita teksi.

Alifika kliniki kujiuzulu. Daktari alimpima, akamweleza kwamba hakuna kipya kilichoharibika. Mgongo uliozoea kuuma hupaza sauti mtu akipata pigo, hata pigo likiwa la moyo, na walikwisha tarajia kwamba angerudi nyuma hivi. Kijana wa viungo alipunguza mazoezi, hakuyaondoa. Mwanasaikolojia alikaa naye peke yake.

"Ukiacha uenyekiti," alimuuliza, "ni kitu gani mgongo huu umekunyima, unachokitamani?"

Mwenyekiti alitaka kusema heshima. Lakini kimya cha yule bwana kilikuwa kirefu, na heshima haikutosha kukijaza. Mwishowe akasema kwamba hajawahi kufika kwa binti yake. Binti aliolewa na kijana mwuza vioo, wa soko lile lile, wakapanga ghorofa ya nne katika jengo lisilo na lifti. Tangu wahamie, yeye huagiza waje kwake. Nao huja. Lakini hajui hata wamepaka rangi gani ukutani, naye ni mwuza rangi.

Kazi ikawa hiyo. Mfamasia na daktari walipanga dawa zake upya. Kijana wa viungo akamchukua kwenye ngazi za hospitali, ngazi chache kwa siku, akimfundisha kupumzika kabla mgongo haujaomba, si baada ya kulia. Mwanasaikolojia akamfundisha kupumua pale woga unapokaza misuli. Wagonjwa wengine walimpita kwenye ngazi, na wengine, wakongwe kuliko yeye, walimpa moyo, jambo lililomuudhi sana.

Asubuhi moja alifika dukani akakuta nafasi tupu nyuma ya meza.

"Kiti kiko wapi?"

"Kimenunuliwa," alisema mkewe, akipanga bawaba.

"Na nani?"

"Na chama. Walisema hawana kiti cha maana."

Siku hiyo alisimama, kwa kuwa pa kukaa palikuwa ni juu ya kopo la rangi. Mteja akaingia akauliza bei ya kitasa. Mwenyekiti akageuka kumtafuta mkewe, mkewe akawa yuko stoo. Akasema bei iliyomjia kichwani. Mteja alilipa haraka sana akaondoka akikimbia, na mkewe alipotoka akamweleza kwa nini. Tangu hapo alianza kujifunza bei za duka lake mwenyewe, akizunguka rafu hadi rafu, akiuliza na kusahau, na kuuliza tena.

Jumapili waliyochagua walikwenda kwa binti. Alipanda polepole. Kila alipofika pa kupumzikia alisimama, akaegemea ukuta, akahema kwa mpangilio. Watoto wa jengo waliopita walimsalimia. Ghorofa ya tatu kiuno kilianza kumkumbusha mambo ya baba yake, akasimama kwa muda mrefu, mkewe kimya pembeni yake, mpaka akasema twende. Walipogonga mlango alikuwa ameloa, lakini alikuwa amefika.

Mkwe ndiye aliyefungua. Alipomwona baba mkwe wake mwenyewe, kwa miguu yake, kwenye mlango wa ghorofa ya nne, rangi ilimtoka. Akamkaribisha, akapangusa kochi zuri kuliko mengine kwa kiganja.

"Karibu ukae, baba."

"Asante. Nitasimama."

Mwenyekiti alimaanisha hivyo tu. Alikuwa ametoka kukaa kwenye teksi, na kijana wa viungo alimwambia asirudie kukaa mara moja. Lakini mkwe anayemwona baba wa mke wake amepanda ngazi zote zile kisha anakataa kiti, hafikirii mambo ya viungo. Alimtazama binti, mke wake, aliyekuwa anatoka jikoni na birika. Alimtazama mama mkwe. Akapiga goti moja zuliani.

"Baba, najua kilichokuleta. Naomba radhi. Siku ile ya mkutano nami nilinyoosha mkono."

Mwenyekiti hakuwa na habari hiyo. Alifungua kinywa, kisha akakumbuka yule bwana wa kliniki, akakifunga. Kimya kilifanya kazi yake kwa mkwe kama kilivyofanya kwake.

"Na sikuwa peke yangu," mkwe aliendelea kwa sauti ya kudidimia. "Hata mama alinyoosha."

Binti aliweka birika chini taratibu. Mwenyekiti aligeuza kichwa, halafu mabega, halafu mwili mzima, kama wanavyogeuka watu wa mgongo, mpaka akamkabili mkewe. Mkewe hakuinamisha uso.

"Nilinyoosha," alisema. "Chama kilikuwa na makamu. Mimi sikuwa na mume wa akiba."

Kiuno kilimkaza. Akatoa pumzi taratibu kama alivyofundishwa, akaitoa tena. Alitamani kukasirika sawasawa, lakini hasira yake ilizoea kutazamwa, na hapakuwa na mgeni wala mjumbe. Palikuwa na watu watatu wanaomfahamu vizuri mno. Akatazama ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya maziwa, kazi mbaya, michirizi kila pembe. Akauliza ni nani aliyewauzia rangi ile. Mkwe, bado goti chini, alisema waliinunua kwa mama dukani, ila aliipaka yeye mwenyewe. Mwenyekiti akamwambia asimame, atajiumiza mgongo, na binti akammiminia baba yake chai, akainywa akiwa wima, akionyesha kwa kikombe mahali pa kurudia.

Mgongo wake haujapona, na timu haijawahi kusema utapona. Kuna siku njema na siku mbaya, na katika siku mbaya yeye hufika dukani amechelewa. Jioni ile waliaga mapema, kwa sababu kushuka ngazi kunataka uangalifu kuliko kupanda. Alimshika mkewe mkono, wakashuka bila kusemezana ghorofa moja, na ya pili. Kwenye pa kupumzikia alisimama, akaegemea ukuta, akahema.

"Ulinyoosha mkono gani," aliuliza, "wa kulia au wa kushoto?"

"Yote miwili," alisema mkewe, na wakaendelea kushuka.